Kuhara damu: mwongozo kamili wa kumhudumia mgonjwa na kuwakinga waliobaki nyumbani

Mtu akianza kusokotwa na tumbo na kuona damu kwenye choo, mara nyingi jina la kwanza kutajwa nyumbani ni amiba, na dawa ya kwanza kuletwa kutoka duka la dawa ni Flagyl. Mazoea haya yameota mizizi Tanzania, Kenya na Uganda kiasi kwamba wagonjwa wengi humeza vidonge kabla ya mtu yeyote kuwauliza swali. Hata hivyo, kuhara damu kunakoanza ghafla pamoja na homa, hasa kwa mtoto, mara nyingi zaidi husababishwa na bakteria wa Shigella, na Flagyl, yaani metronidazoli, haiwatibu bakteria hao. Siku mbili tatu zinazopotea kwa dawa isiyohusika ndizo siku ambazo mtoto huishiwa maji na nguvu, na ndizo siku ambazo ndugu zake wanaolala naye huambukizwa. Mwongozo huu unafuata njia nzima, kuanzia saa ya kwanza damu inapoonekana hadi wiki zinazofuata baada ya mgonjwa kupona, na unaegemea zaidi ugonjwa wa Shigella kwa sababu ndio unaopaswa kufikiriwa kwanza.

Bakteria hawa walitambuliwa mwaka 1897 na daktari Mjapani Kiyoshi Shiga wakati nchi yake ilipokumbwa na mlipuko mkubwa wa kuhara damu, na jina lao limetokana na jina lake. Kanda yetu inawafahamu vizuri kuliko tunavyokumbuka. Mlipuko ulioanza Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) mwaka 1979 ulienea hadi Rwanda na Burundi, na mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika mji wa Goma huko huko Zaire, kipindupindu kilitangulia na kuhara damu kukafuata, huku dawa za kawaida za wakati ule zikishindwa kufanya kazi. Utafiti mkubwa wa magonjwa ya kuhara kwa watoto uliofanyika katika nchi 7 za Afrika na Asia, Kenya ikiwa mojawapo, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, uliiweka Shigella miongoni mwa vimelea vinne vinavyoongoza kwa kusababisha kuhara kukali kwa watoto wadogo.

Kinachoufanya ugonjwa huu uwe na maumivu makali ni kwamba bakteria hawaishii kuelea ndani ya utumbo, bali huingia katika seli za ukuta wa utumbo mpana, huzaliana humo na kuziua. Ukuta unavimba, unachubuka na kutoa damu, kamasi na usaha. Ndiyo maana mgonjwa hukimbilia chooni mara nyingi akiwa na msukumo mkali, kisha hutoa kiasi kidogo tu cha kamasi yenye damu na kubaki na hisia kwamba haja haijaisha. Dalili huanza kwa kawaida siku 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa, mara nyingi kwa homa, uchovu na kuhara maji, na damu hufuata baadaye.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni damu, na angalia kama kuna hatari ya haraka

Kiangalie choo kwa macho yako mwenyewe, wala usitegemee maelezo ya mtoto wala ya msaidizi wa nyumbani. Damu ya kuhara damu huwa nyekundu na huchanganyika na kamasi au na kinyesi laini. Damu inayodondoka juu ya kinyesi kigumu, au inayoonekana kwenye karatasi tu, mara nyingi hutokana na bawasiri au mchubuko wa njia ya haja kubwa. Choo cheusi kama lami huashiria damu inayotoka juu zaidi, tumboni au kwenye utumbo mwembamba, na mgonjwa wa namna hiyo anahitaji hospitali bila kungoja.

Kuna hali moja ambayo kila mzazi mwenye mtoto mchanga anapaswa kuifahamu, maana haitibiwi kwa dawa ya kuhara hata kidogo. Mtoto wa miezi michache, hasa aliye chini ya mwaka mmoja, anaweza kupata tatizo ambalo sehemu ya utumbo huingia ndani ya sehemu inayofuata na kukwama. Mtoto hulia kwa vipindi huku akikunja miguu, hunyamaza na kulegea, kisha hulia tena. Hutapika, na baadaye hutoa kamasi nyekundu iliyo kama jeli. Huyu hatakiwi kupelekwa duka la dawa. Apelekwe hospitali yenye huduma ya upasuaji siku hiyo hiyo, kwa kuwa saa chache zinaweza kuamua kama utumbo utapona au utakufa.

Mbali na hali hiyo, mpeleke mgonjwa kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku, ukiona lolote kati ya haya: analegea au haamki vizuri, ana degedege, anatapika kila anachokunywa, tumbo limejaa na kuwa gumu, hajakojoa kwa saa 6 au zaidi, macho yamebonyea, au ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi mahali pake. Kwa mtoto mchanga gusa pia utosi, kwani utosi uliobonyea ni ishara ya upungufu wa maji. Degedege huweza kutokea katika ugonjwa huu hata pale ambapo mtoto hana malaria, kwa hiyo kipimo cha malaria kikisema hapana, usirudi nyumbani kana kwamba swali limejibiwa.

Wapo wagonjwa ambao hawapaswi kusubiri hata dalili hizo: mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mtoto mwenye utapiamlo, mtoto aliyeugua surua katika wiki chache zilizopita, mjamzito, mzee, na mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi ambaye hajaanza dawa au ambaye kinga yake iko chini. Surua hasa inastahili kutajwa peke yake, kwa sababu hudhoofisha kinga na ukuta wa utumbo kwa pamoja, na kuhara damu kunakofuata surua ni miongoni mwa yanayoua watoto wengi.

Hatua ya pili: anza kumpa maji ya ORS kabla ya kutoka nyumbani

Kuhara damu hakumalizi maji mwilini kwa kasi ya kipindupindu, na kwa sababu hiyo familia nyingi hulegea katika jambo hili. Ni kosa, kwani homa, kutapika na kukosa hamu ya kula humwongezea mgonjwa upotevu ambao hauonekani chooni. Pakiti moja ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, huchanganywa na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita moja kamili. Hapa ndipo makosa mengi hutokea: chupa za maji zinazouzwa madukani zina ujazo wa aina nyingi, na mtu huichukua iliyo karibu bila kusoma. Pakiti ya lita moja ikimiminwa kwenye nusu lita inakuwa na chumvi nyingi mno, na kwa mtoto mdogo chumvi hiyo ni hatari. Ikimiminwa kwenye lita moja na nusu inakuwa dhaifu. Mchanganyiko ukishatengenezwa utumike ndani ya saa 24, na unaobaki umwagwe.

Kama hakuna pakiti na duka liko mbali, pima vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu kwa kisu, ukoroge ndani ya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Onja kabla ya kumpa mtoto: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mchanganyiko huu ni wa kuvukia tu hadi pakiti zipatikane, kwa kuwa hauna potasiamu.

Baada ya kila choo cha kuhara, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe kidogo cha chai, na mtoto wa miaka 2 hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200. Mkubwa anywe kadiri anavyoweza. Mtoto mdogo mpe kwa kijiko, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili, wala usimpe kwa mkupuo. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea taratibu zaidi. Kutapika mara moja si sababu ya kuacha. Soda, juisi za pakiti na chai yenye sukari nyingi hazichukui nafasi ya ORS, kwani sukari nyingi huvuta maji kuingia utumboni na kuongeza kuhara.

Mtoto anyonyeshwe kama kawaida na hata zaidi ya kawaida. Ushauri wa kumwachisha ziwa mtoto anayehara bado unasikika katika baadhi ya familia, na sisiti kusema kwamba umewadhuru watoto wengi.

Hatua ya tatu: kipimo cha choo, na namna ya kuyaelewa majibu yake

Mhudumu anaweza kuanza matibabu ya kuhara damu kwa mtoto bila kusubiri kipimo, na hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza pale ambapo maabara haipo. Kipimo kikipatikana husaidia, mradi kifanywe sawasawa. Choo kipelekwe kikiwa kibichi, katika kikopo safi kisicho na mkojo wala dawa ya kusafishia, na sehemu inayochukuliwa iwe ile yenye kamasi na damu. Kwa kuchunguza amiba hai, sampuli inapaswa kuangaliwa kwa darubini ndani ya nusu saa hivi, kwani baada ya hapo amiba huacha kutembea na inakuwa vigumu kuwatofautisha na seli nyingine. Sampuli iliyotolewa alfajiri nyumbani na kufika maabara saa nne asubuhi haiwezi kujibu swali hilo.

Majibu yakisema kuna amiba, uliza swali moja kwa heshima: wameonekana amiba hai waliomeza chembe nyekundu za damu, au yameonekana mayai ya amiba peke yake? Tofauti hii ndiyo moyo wa suala zima. Kuna kimelea kiitwacho Entamoeba histolytica, ambacho hujeruhi utumbo, na kuna ndugu yake aitwaye Entamoeba dispar, ambaye hukaa utumboni bila kumdhuru mtu. Mayai yao, chini ya darubini ya kawaida, yanafanana kabisa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mayai ya amiba asiye na madhara, na wakati huo huo akawa anaharishwa damu na Shigella. Jibu la maabara likawa kweli, na matibabu yakawa si sahihi. Chembe nyingi za usaha kwenye sampuli, mgonjwa akiwa na homa iliyoanza ghafla, huelekeza kwenye bakteria. Amiba kwa kawaida huja polepole, kwa wiki moja hadi tatu, na homa huwa ndogo au haipo. Hospitali zenye maabara kubwa zinaweza kuotesha bakteria na kujua ni dawa ipi inayowaua. Kipimo hicho huchukua siku kadhaa, lakini ombi lake lina maana kubwa pale ambapo dawa ya kwanza imeshindwa.

Kwa wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Mwanza na Ukerewe hadi Kisumu, na kwa wote wanaooga au kuvua ziwani, kuna jambo la tatu la kukumbuka. Kichocho cha utumbo nacho huleta damu kwenye choo, ila huja na kuondoka kwa wiki na miezi, bila homa kali. Dawa yake ni prazikwanteli, na hakuna antibayotiki inayokiponya.

Hatua ya nne: dawa inayostahili, na zile za kukaa nazo mbali

Kwa kuhara damu kunakodhaniwa ni Shigella, dawa ya kwanza iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005 ni siprofloksasini. Kipimo chake kwa mtoto ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Kwa mtu mzima ni miligramu 500 mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Navitaja vipimo hivi ili uweze kulinganisha na ulichoandikiwa na kuuliza pale panapotofautiana. Havitoi ruhusa ya kujinunulia dawa. Mtoto anahitaji kupimwa uzito, mjamzito anahitaji dawa nyingine, na mtu anayetumia dawa za magonjwa ya kudumu anahitaji kumweleza mhudumu orodha yake yote.

Septrin, ampisilini na tetrasaiklini, ambazo zilikuwa tegemeo la wazazi wetu, hazifai tena kutumiwa kwa kubahatisha, kwa kuwa Shigella wamejenga usugu dhidi yake sehemu nyingi. Usugu dhidi ya siprofloksasini nao unaongezeka duniani, na ndiyo sababu kila dozi inayoachwa katikati, na kila kidonge kinachomezwa kwa kuhara kwa kawaida kusiko na damu, kinatuharibia sote. Mgonjwa akiwa hajapata nafuu ndani ya siku 2 za dawa, yaani homa haijashuka, damu haijapungua na hamu ya kula haijarudi, arudi kituoni ili abadilishiwe. Seftriaksoni ya sindano na azithromisini ni miongoni mwa dawa zinazotumika hapo. Metronidazoli inakuwa na nafasi yake pale amiba hai wameonekana kwa darubini, au pale dawa mbili tofauti za Shigella zimeshindwa. Ikitumika, ifuatwe na dawa nyingine ya kuua mayai yaliyobaki utumboni, kama vile diloksanidi, la sivyo ugonjwa unaweza kurudi na mgonjwa akaendelea kuwaambukiza wengine. Pombe iepukwe kabisa mgonjwa anapotumia metronidazoli.

Mtoto aongezewe zinki: miligramu 20 kwa siku, au miligramu 10 kama yuko chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Zinki husaidia ukuta wa utumbo kujijenga na hupunguza uwezekano wa kuhara tena katika miezi inayofuata. Jambo ambalo mara chache huelezwa dirishani ni kwamba zinki na siprofloksasini zikinywewa pamoja hushikamana tumboni, na kiasi kikubwa cha antibayotiki hakiingii mwilini. Maziwa na vidonge vya madini ya chuma hufanya vivyo hivyo. Mpangilio rahisi ni siprofloksasini saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, na zinki saa 5 asubuhi.

Usimpe mgonjwa wa kuhara damu dawa za kufunga choo, kama loperamidi. Hali ikiwa hivi utumbo unajaribu kutoa sumu na bakteria, na kuufunga ni kuvifungia ndani. Utumbo mpana unaweza kuvimba hadi ukatishia kupasuka. Kwa homa na maumivu tumia parasetamoli kwa kipimo cha umri. Ibuprofeni na diklofenaki ziachwe, kwani huongeza uwezekano wa kuvuja damu na huzielemea figo ambazo tayari zimekosa maji. Sumu inayotolewa na aina moja ya Shigella huweza kuziharibu figo na chembe za damu, kwa hiyo mtoto anayeonekana kupona, kisha akapauka, akavimba uso na mkojo wake ukapungua, arudishwe hospitali siku hiyo.

Hatua ya tano: mlishe mgonjwa

Protini nyingi huvuja kupitia utumbo uliojeruhiwa, na mtoto anaweza kutoka kwenye siku 5 za kuhara damu akiwa na dalili za utapiamlo. Asifungiwe chakula. Mpe kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku: uji wa mahindi au ulezi uliotiwa karanga zilizosagwa vizuri, mtori wa ndizi na nyama laini, ndizi mbivu, yai lililoiva, viazi vilivyopondwa na mafuta kidogo, maziwa mgando kama ameyazoea. Pilipili na vyakula vyenye mafuta mengi vya kukaanga vingoje. Akishapona aongezewe mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki 2, na apimwe uzito kliniki mwezi unaofuata.

Hatua ya sita: kuzuia ugonjwa usihamie kwa wengine ndani ya nyumba

Bakteria 10 hadi 100 tu wa Shigella wanatosha kumwambukiza mtu mzima mwenye afya, wakati kipindupindu kwa kawaida huhitaji bakteria wengi mno kuliko hao. Kwa sababu hiyo ugonjwa huu hauhitaji kisima kilichochafuka ili uenee. Mkono mmoja ulioshika nepi, kisha ukashika kijiko, unatosha.

Chagua mtu mmoja wa kumhudumia mgonjwa, na ikiwezekana mtu huyo asipike wala asigawe chakula. Kama ni mama mwenyewe na hakuna msaidizi, basi anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kila baada ya kumsafisha mtoto, kila baada ya kwenda chooni, na kila kabla ya kushika chakula, akisugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha. Beseni moja la maji ambamo familia nzima hunawa kabla ya kula, mmoja baada ya mwingine, linapaswa kuondolewa mezani kwa kipindi hiki, na kwa maoni yangu lisirudi tena. Kibuyu chirizi kinachotengenezwa kwa dumu la lita 5, kamba na kijiti cha kukanyaga kinafanya kazi hiyo bila gharama, na mguu ndio unaokifungua, hivyo mkono mchafu haugusi kitu. Kitundikwe karibu na choo, na sabuni ifungwe hapo hapo.

Kinyesi cha mtoto kimwagwe chooni mara moja, wala si kwenye shimo la taka au nyuma ya nyumba. Poti, sakafu na kiti cha choo vifutwe kwa maji ya klorini. Kama chupa ya jiki imeandikwa asilimia 3.5, sehemu moja ya jiki kwa sehemu sita za maji inatosha kwa sehemu zilizochafuliwa. Acha maji hayo yakae dakika 10 kabla ya kusuuza. Usichanganye jiki na sabuni za asidi za kusafishia vyoo, kwani hutoa hewa yenye sumu. Nguo na mashuka yaliyochafuka yafuliwe peke yake kwa maji ya moto na sabuni, yaanikwe juani.

Mtoto asirudi shuleni, na mpishi, mama lishe au muuza juisi asirudi kazini, mpaka zipite angalau saa 48 tangu kuhara kulipokoma. Nafahamu kwamba kwa mtu anayekula kwa jasho la siku hiyo sharti hili ni gumu, lakini mgonjwa asiyetibiwa anaweza kuendelea kutoa bakteria kwa wiki kadhaa, na meza moja ya chakula huhudumia watu wengi kwa siku.

Hatua ya saba: kinga ya kila siku

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kabisa kwa dakika moja. Wanaoishi juu sana, zaidi ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, wayaache yatokote dakika 3, kwa kuwa huko maji hutokota kwa joto la chini. Maji ya bomba yasihesabiwe kuwa salama kwa sababu tu yametoka bombani: katika miji ambayo maji hukatika, mabomba matupu huvuta uchafu kupitia nyufa, na maji ya kwanza yanaporudi huwa machafu kuliko yote. Anayetumia WaterGuard au vidonge vya klorini afuate kipimo cha lebo na asubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Klorini huwaua Shigella vizuri, lakini kwa kipimo cha kawaida cha maji ya kunywa haiyaui mayai ya amiba, kwa hiyo palipo na amiba iliyothibitishwa kuchemsha ndiko kunakofaa. Pasipo na kuni wala dawa, chupa ya plastiki isiyo na rangi, iliyojazwa maji maangavu na kulazwa juani kwa saa 6, au siku 2 kukiwa na mawingu, hupunguza bakteria kwa kiasi kikubwa.

Maji yaliyochemshwa huchafuliwa tena kwenye mtungi. Weka maji katika chombo chenye mdomo mwembamba au koki, chenye mfuniko, na usiruhusu kikombe au mkono kuchovywa ndani yake.

Nzi ni adui halisi katika ugonjwa huu kuliko katika magonjwa mengi, kwa kuwa idadi ndogo ya bakteria anayoweza kuibeba miguuni inatosha kuambukiza. Tundu la choo lifunikwe, na chakula kifunikwe tangu kinapoiva hadi kinapoliwa. Kachumbari na matunda yaoshwe kwa maji salama na kukatwa nyumbani karibu na muda wa kuliwa. Embe lililokatwa na kupangwa kando ya barabara tangu asubuhi ni bora kuliacha. Wali au maharage yaliyolala yapashwe moto hadi yatoe mvuke kote.

Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, na apate chanjo zote mbili za surua pamoja na matone ya vitamini A kwa ratiba ya kliniki. Chanjo ya Shigella yenyewe haijaingia katika ratiba ya watoto, kwa hiyo hizi ndizo ngao zilizopo.

Hatua ya nane: wiki na miezi inayofuata

Kwa mgonjwa aliyepata dawa sahihi, homa na damu hupungua ndani ya siku 2, na utumbo hurudi hali yake taratibu, ingawa choo laini kinaweza kuendelea kwa siku chache zaidi. Damu ikirudi baada ya wiki kadhaa, kipimo kirudiwe badala ya dawa kurudiwa. Baadhi ya watu wazima hupata maumivu ya magoti au vifundo, macho mekundu na maumivu wakati wa kukojoa wiki chache baadaye. Hayo ni matokeo ya mwitikio wa kinga ya mwili, na mgonjwa amweleze daktari kwamba aliugua kuhara damu, kwa sababu bila taarifa hiyo uhusiano hauonekani. Mtu mwenye zaidi ya miaka 40 ambaye damu inamtoka kwa zaidi ya wiki 3, au ambaye anapungua uzito na choo chake kimebadilika, anahitaji kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera, kwani saratani ya utumbo imewahi kutibiwa kama amiba kwa miezi mingi. Na aliyethibitika kuwa na amiba akipata homa, jasho la usiku na maumivu chini ya mbavu za kulia, hata miezi kadhaa baada ya kuhara kwisha au bila kukumbuka kuwahi kuhara, aombe kipimo cha ultrasaundi cha ini mapema, maana jipu la amiba kwenye ini hutibika vizuri kwa dawa likigunduliwa kabla halijapasuka.